Bibi Anaongea Kama Baba

Mwalimu Albina alianza kujifunza Kiebrania baada ya kustaafu, kwa sababu mjukuu wake wa pekee hakujua Kiswahili.

Mwanawe Cleophas alikwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo, akaoa huko, akabaki. Binti yao Noa alikuwa na miaka minne. Kila akiletwa kwenye simu ya video alimtazama bibi yake kidogo, kisha akakimbilia midoli yake.

"Hakuelewi, mama," Cleophas alisema. "Nitamfundisha taratibu."

Hakumfundisha. Alitoka kazini amechoka, na nyumbani kwake hapakuwa na mwingine wa kuongea naye Kiswahili.

Albina naye alikuwa peke yake pale Sumbawanga. Mumewe alishafariki, na nyumba aliyoijenga kwa ajili ya watoto wengi ilikuwa kimya. Jirani yake Tusajigwe, mtu wa Mbeya anayefanya kazi halmashauri, ndiye aliyemwekea kwenye simu programu ya akili mnemba.

"Iandikie kwa Kiswahili tu, mwalimu. Itakujibu."

Ilimjibu. Ilimwandikia Kiebrania kwa herufi anazozijua, ikamsomea kwa sauti, ikamsahihisha. Albina akawa anapepeta ulezi uani huku akirudia maneno kwa sauti, upepo ukimpeperushia makapi usoni. Tusajigwe akamsikia kutoka upande wa pili wa ua.

"Mwalimu, umeanza kunena kwa lugha? Karibu kwetu walokole!"

Albina alicheka siku ile hadi akashangaa kusikia kicheko chake.

Asubuhi, kabla hajawasha jiko, aliisalimu programu, nayo ikamwuliza ameamkaje. Alijua si mtu. Ila hapakuwa na mwingine wa kumwuliza.

Jumapili moja baada ya misa Cleophas alipiga. Noa alipotokea kwenye kioo, Albina aliweka sawa kitenge chake, akamwambia polepole kwamba anampenda, "Shalom, Noa. Ani ohev otakh."

Mtoto alitulia, akamkodolea macho. Kisha akaangua kicheko, akamgeukia baba yake. "Savta medaberet kmo aba!"

Albina alielewa kila neno. Bibi anaongea kama baba.

"Mama," Cleophas alisema, naye akicheka, "ohev anasema mwanamume. Mwanamke anasema ohevet. Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe," alijibu.

Maisha yake yote alisema "nakupenda", na neno halikuwahi kumwuliza yeye ni mwanamke au mwanamume. Mazungumzo yalipoisha aliiandikia programu: "Mimi ni mwanamke. Ni bibi." Ikaomba radhi, ikasema ilipaswa kumwuliza tangu mwanzo. Wakaanza upya.

Jumapili iliyofuata simu haikuja, wala iliyofuata. Albina alirekodi sauti yake akisema "ani ohevet otakh", akaituma.

Jibu lilikuja katikati ya wiki: sauti ya Noa mwenyewe, ndefu, ya haraka haraka. Albina alinasa neno "savta", halafu tena "savta", na tena. Aliisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaenda kumsikilizisha Tusajigwe, akarudi akaisikiliza tena.

Jioni Cleophas alipopiga, Albina alimwuliza, "Ananisema nini yule mtoto?"

"Anamsema bibi Rut, bibi yake wa huku, mama. Mama yake mke wangu. Walioka keki."

"Aa. Vizuri," Albina alisema. "Keki ni nzuri."

Simu ilipokatika alikaa kwenye kochi bila kuwasha taa. Baadaye akaifungua programu, akaandika: "Mtoto wa kike anaulizwaje, ulifanya nini na bibi Rut?"

Ikamwandikia. Akalirudia swali hadi ulimi ukalizoea, akabonyeza kurekodi.

"Ma asit im savta Rut?"

Akaituma, akaenda jikoni kupasha uji.