Jani Bichi, Jani Kavu

Jani la mgomba ukilipitisha juu ya makaa hulia kidogo, kisha hulegea kama mtoto aliyeshikwa na usingizi, na hapo ndipo unapoweza kulikunja upendavyo lisipasuke. Kila mwanamke wa Kampala analijua hilo, maana ndivyo tunavyofunga matooke, ndizi zetu za kupika. Asubuhi ile nilichuchumaa mbele ya sigiri yetu pale Katwe nikiwa na majani mawili magotini: moja bichi, nililokwisha kulilegeza, na jingine kavu, lililojikunja lenyewe kwa jua. Kando yangu roketi ya mume wangu ililazwa mkekani, tumbo wazi. Nje ya ukuta wa mabati, gari la jeshi lilikuwa likinguruma. Dereva hakutaka hata kulizima.

Mume wangu Obwona alisimama mlangoni na shati lake jeupe la Jumapili.

"Utatia lipi?" akaniuliza, kana kwamba tulikuwa hatujakubaliana.

Mume wangu alikuwa fundi wa kamera na redio katika studio ya picha, kule mlimani Old Kampala. Mwenye studio, mzee Premji, alipoamriwa kuondoka nchini pamoja na Wahindi wenzake, askari waligawana viti, saa ya ukutani, hata mapazia. Kisanduku kimoja hawakukitaka kwa sababu juu waliona karatasi tupu. Premji akampa Obwona, akamwambia ni vitu vya mwanawe, alivyovileta kutoka ng'ambo, na kwamba kijana huyo uhamisho umekwisha kumzeesha, hachezi tena.

Ndani mlikuwa na roketi ya kuchezea: bomba la karatasi lenye urefu kama wa mkono wa mtu, mapezi kama ya samaki, mirija midogo ya baruti ya kulirusha, na kamera ndogo ya sinema ya kukaa kichwani pake. Kamera hiyo ilikuwa na kioo kinachotazama chini, hivyo roketi ilipopanda, yenyewe ilikuwa ikiangalia dunia inavyoachwa.

Baba Alal akapata wazimu. Nasema wazimu kwa upendo. Kila siku ya mapumziko tulikwenda kwenye uwanda wa majani nyuma ya Kasubi, mtoto wetu Alal mgongoni, na kila tuliporudi kulikuwa na kitu cha kutengeneza. Bomba likipondeka, tulilizungushia karatasi za mfuko wa sukari na kuzigandisha kwa uji wa muhogo. Pezi likivunjika, alichonga jingine kwa kiini cha mafunjo, chepesi kama pumzi. Kazi yangu ilikuwa mwavuli. Niliushona kwa nailoni ya shumizi yangu ya harusi, nikaupaka poda ya mtoto usigande, nikaukunja na kuusukuma ndani ya bomba. Roketi ikifika kileleni baruti hukohoa mara ya pili, safari hii kwa ndani, na kikohozi hicho ndicho kinachoutoa mwavuli nje ufunguke. Lakini ni kikohozi cha moto. Mwanzoni tulitenga moto na nailoni kwa gazeti. Gazeti likawaka, mwavuli ukayeyuka kama sukari, roketi ikaanguka kama jiwe. Tukajaribu jani bichi la mgomba. Jani bichi haliwaki. Tangu hapo ilikuwa ikishuka taratibu, ikiyumba, kama mtu anayerudi nyumbani hana haraka.

Jirani yetu Hortense, Mkongo aliyekuwa akikaanga samaki nje ya ukuta wetu wa mabati, hakuchoka kutucheka.

"Mama Alal, bwana yako anataka kufika mbinguni bila kupita kaburini," alisema. "Umwambie, njia ni moja tu."

Nikamjibu kwamba akifika atamwombea apunguziwe ulimi.

Hata hivyo sikuwa na raha. Miaka ile hakuna aliyekuwa nayo. Ukisikia gari linapunguza mwendo, kijiko kinasimama mdomoni. Kaka yangu Otema alikuwa askari. Sisi Waacholi tulikuwa na askari katika kila nyumba, mimi mwenyewe nilizaliwa kambi ya polisi, na Kiswahili nilikipata huko kabla sijakijua vizuri Kiacholi cha bibi yangu. Otema aliitwa kambini akapewe cheo. Mama akampigia pasi sare. Hatukurudishiwa hata kofia.

Sasa siku moja upepo uligeuka. Roketi ilishuka na mwavuli wake, ikapita migomba, ikapita barabara, ikaenda kutua katika ua wa nyumba ya kapteni mmoja, Sulaimani. Obwona akaenda kuifuata, maana kutokwenda kulikuwa kukiri kosa. Nilimngoja mchana kutwa. Niliosha vyombo vilivyo safi. Nikavifuta, nikaviosha tena.

Alirudi mzima, na hilo ndilo lililonitisha. Kapteni hakukasirika. Alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Aliigeuzageuza ile roketi, akatia kidole mahali pa mapezi, akauliza maswali mazuri.

"Wewe fundi, hii kitu inapanda mpaka wapi?"

Obwona, kwa ile fahari ya fundi isiyojua kufunga mdomo, akamwambia inapanda mpaka Kampala yote inakuwa kitambaa cha viraka.

"Na hiyo kamera, ukitoa, ukaweka kitu ingine ndani, itapanda vilevile?"

Hapo ndipo mume wangu alipoelewa. Lakini kapteni alikuwa amekwisha kupanga. Atawaalika wakubwa zake kwenye uwanja wa mpira wa kambi, Obwona arushe mbele yao, na wakipendezwa, atapewa nyumba na gari, na kazi ya kutengeneza roketi kubwa zaidi.

Tulikaa na neno hilo siku kadhaa kama watu waliokaa na nyoka chumbani. Nani asiyejua nyumba zile? Anayeingia hupewa kila kitu isipokuwa mlango wa kutokea. Kukimbia nako kulikuwa kumwachia kapteni wazee wetu. Obwona alitembea kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kitandani, akinihesabia njia.

"Ikipanda vizuri, watanichukua," alisema. "Isipopanda kabisa, watasema nimewaaibisha makusudi, watanichukua."

Mimi nilikuwa nikimkunjia Alal nepi. Nikamuuliza, "Na ikiwachekesha?"

Alisimama.

Nikamwambia tangu utotoni nimeishi na watu wa bunduki. Mtu anayekuogopa atakufuata, na mtu anayekuhitaji atakufuata zaidi. Lakini anayekucheka hukuachia uende, ili akawasimulie wengine. Ipande kweli, waone hakudanganya. Kisha ianguke kijinga.

Alinielewa upesi, na uso wake ukazeeka palepale. Jani kavu lingewaka. Mwavuli ungeyeyuka. Kamera ile, kitu pekee duniani kilichokuwa kimemfanya Obwona acheke peke yake akiwa anaoga, ingeshuka kwa uzito wake wote.

Kwa hiyo asubuhi ile aliponiuliza nitatia lipi, nilijua haulizi. Alikuwa anaomba. Nikamjibu kwa kumwonyesha jani kavu, nikalisokomeza ndani, nikaweka mwavuli juu yake, nikafunga. Jani bichi likabaki mkononi mwangu. Nilipanda nalo gari, sijui kwa nini.

Uwanjani walipanga viti chini ya turubai. Beni ya jeshi ilisimama kando ya goli, tarumbeta zinang'aa, tayari kushangilia. Kapteni Sulaimani alitembea huku na huko, akifuta vumbi lisilokuwapo kwenye viti vya wakubwa, akanionea huruma, akaniletea soda. Nilimtazama nikaona mtu aliyeweka shingo yake mwenyewe juu ya bomba letu la karatasi. Sikupenda kuliona hilo, lakini niliona.

Obwona akaunganisha waya na betri. Akabonyeza.

Ile sauti, kama kitambaa kinachochanwa na Mungu. Nilisikia watu wote wakivuta pumzi. Nilisikia viti vikilia, wakubwa wakiegemea nyuma ili waone. Mimi nilikuwa nikitazama chini, kwenye majani ya uwanja, palipokuwa na siafu mmoja amebeba kitu. Utomvu wa jani bichi ulikuwa ukinivuja kati ya vidole na kunidondokea gauni. Kisha kikohozi cha pili, mbali sana. Kisha mtu akasema, "Inawaka."

Ikashuka na moshi wake na kitambaa kilichokunjamana kama utumbo wa kuku, ikapiga ngoma kubwa ya beni. Dum. Mara moja tu, katikati kabisa, kama mtu aliyefundishwa. Mpiga ngoma akalala chini na mikono kichwani.

Nilimwona Obwona akiniangalia. Halafu mkubwa kuliko wote, mtu mnene wa miwani, akaanza kutikisika tumbo kabla ya sauti kutoka.

"Sulaimani," alisema, "umetuletea mpiga ngoma."

Wakacheka wote. Walicheka mpaka wengine wakashika viti. Kapteni alicheka mwisho, akamsukuma Obwona begani, si kwa nguvu, akamwambia arudi kwa redio zake. Tulikuwa tumekwisha kufika langoni alipotuita tena.

"Hiyo picha ya ndani, fundi. Osha, niletee. Nataka kuona uso yangu kutoka juu."

Kioo cha kamera kilipasuka, lakini filamu ilikuwa nzima. Obwona aliisafisha filamu hiyo kule studio kwa dawa zilizobaki za Premji. Nilikaa mlangoni. Alipotoka chumba cha giza alishika utepe ule kwa ncha za vidole, akaupandisha kwenye mwanga wa dirisha, akaniita nisogee.

Niliona uwanja ukishuka. Niliona watu wakiwa wakubwa, kisha kama punje za mahindi, kisha kama mchele. Na kila punje ilikuwa na uso, kwa sababu wote walitazama juu: wakubwa, beni, madereva, kapteni na mdomo wake wazi wa furaha. Wote, isipokuwa kilemba kimoja. Mtu mmoja tu alionyesha utosi.

"Asiyetazama juu," Obwona alisema polepole, "ni yule anayejua itaanguka."

Akachukua mkasi. Akakata kile kipande chenye kilemba changu, akaziunga ncha mbili kwa ustadi wake wote, na kapteni akapelekewa picha zilizobaki. Akaridhika. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliitwa mahali kupewa cheo.

Watu wa Katwe walimwita mume wangu Mpiga Ngoma mpaka alipofariki, naye aliitika. Mirija ya baruti iliyosalia aliizamisha kwenye ndoo ya maji. Kile kipande alinipa mimi, nacho kimo katika kopo langu la sindano, kimekuwa cha rangi ya chai.

Serikali zimepita nyingi tangu hapo. Alal ana wajukuu. Lakini hata leo kikilia kitu angani, ndege au helikopta, watu wa nyumbani wakitoka uani kuangalia, mimi huacha ninachofanya, hutoka pamoja nao, na kujilazimisha kuinua uso.