Boksi Lililosubirishwa Wimbo

Sijapata kuipenda karamu ya kula kamba ya Roland Wennerholm, wala sijapata kujifanya naipenda. Kila Agosti hutualika sisi majirani nyumbani kwake ukingoni mwa ziwa, tuketi chini ya taa za karatasi zenye sura ya mwezi, tuvae kofia za karatasi na vitambaa vya kufungwa shingoni kama watoto wachanga, tuwafyonze kamba wekundu waliochemshwa kwa majani ya shibiti. Watu wenye wajukuu hufyonza vichwa kwa kelele, maji ya chumvi yakiwachuruzika hadi viwikoni, kisha huinua bilauri ndogo za pombe kali. Lakini bilauri hainywewi hivi hivi. Sharti wimbo uimbwe kwanza, na haruhusiwi mtu kuonja mpaka wimbo umalizike. Hiyo ndiyo sheria ya meza, na Roland huisimamia kwa ukali ambao hajauonyesha katika jambo lolote lenye maana.

Mwaka mmoja alitimiza miaka sabini, akajitungia wimbo. Mimi nilifundisha lugha mpaka nilipostaafu. Wimbo ule ulikuwa na beti nyingi, na katika kila ubeti palikuwa na kitenzi kilichovunjwa mguu ili vina vikubaliane.

"Mwalimu Ingegerd, leo kalamu nyekundu umeiacha nyumbani, eh?" aliniuliza mbele ya wageni. "Usinisahihishie wimbo wangu."

"Sikusahihishii, Roland. Hausahihishiki."

Walicheka. Mume wangu, Torgny, ndiye aliyecheka zaidi, kwa kuwa alimpenda Roland kama watu wanavyompenda mbwa asiyefundishika. Roland akatangaza kwamba binti yake aliyeko Australia amepiga simu: zawadi iko njiani, itafika kabla ya giza.

"Inakujaje?" mtu aliuliza.

"Hakusema. Yule ukimuuliza, anakukatia simu."

Kabla wimbo haujaanza Torgny aliniambia hewa imekuwa nzito, akaenda kupunga upepo gatini, nyuma ya kibanda cha bafu la mvuke. Nilimfuata na sweta lake. Nilimkuta amelala chali juu ya mbao, kofia ya karatasi ingali kichwani, akikoroma kwa namna isiyo ya usingizi.

Nilipiga simu ya dharura, nikaiweka kando yake ikiwa na sauti ya juu.

"Anapumua, mama?" aliniuliza mwanamke wa upande wa pili.

"Anakoroma."

"Huko siko kupumua. Piga magoti, weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka. Usiache. Gari la wagonjwa linakuja, lakini droni itatangulia, inaleta mashine ya kushtua moyo. Italishusha boksi kwenye nyasi mbele ya nyumba. Pana mtu wa kulichukua?"

"Meza nzima."

"Basi waite. Wewe usiache kubonyeza."

Niliita. Nina sauti iliyozoea kufika dawati la mwisho, na nina hakika ilifika. Punde droni ilipita juu ya paa la kibanda ikivuma kama nyuki, ikasimama angani. Kati ya kibanda na miti niliweza kuona kipande cha ua. Boksi la rangi ya machungwa likateremka polepole kwa waya, likatua kwenye nyasi. Wageni wakalipigia makofi.

Roland alilinyanyua juu ya kichwa chake. Ubavuni lilichorwa moyo wenye radi katikati, alama ya mashine hizo, ambayo imebandikwa hata mlangoni mwa duka tunaponunulia maziwa.

"Mnaona? Moyo," alisema. "Kanitumia moyo wake kutoka Australia, huyu mtoto."

"Fungua basi, tuone."

"Hapana, bwana. Wimbo kwanza. Zawadi na bilauri, vyote baada ya wimbo."

Na wakaanza kuimba.

"Boksi limefika, mama," simu ilisema. "Nani amelichukua?"

"Mpumbavu."

"Samahani?"

"Wanaimba."

Niliendelea kubonyeza na kuita. Ubeti wa kwanza ulikwisha, wa pili ukaingia. Walikuwa wakigonga meza kwa visu, na mikono yangu, kwa aibu yake, ilikuwa ikienda sawasawa na mdundo wao. Midomo ya Torgny ilikuwa imegeuka rangi ya samawati. Ulipoanza ubeti mwingine nilielewa kwamba hapana atakayekuja. Nikaiondoa mikono yangu kifuani mwake, nikamwacha, sauti ya yule mwanamke ikinikataza nyuma yangu, nikakimbia bila viatu.

Roland alikuwa amelikumbatia boksi juu ya kitambi chake.

"Ngoja ubeti uishe, Mwalimu," alisema, akalivuta upande wake, akicheka. Alidhani ni mchezo.

Nilimkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino na kwa uzito wangu wote. Akaachia.

"Torgny amekata roho gatini," nilisema.

Hapo tu ndipo wimbo ulipokatika, na hata hapo mmoja wao alimalizia neno la mwisho peke yake.

Mpini wa boksi ulikuwa unanata, unanuka kamba na shibiti. Solveig, mke wa Roland, alinifuata. Alipiga magoti upande wa pili, akaanza kubonyeza huku nikiifungua mashine. Mashine ilisema kwa utulivu tuvue nguo kifuani, tubandike vibandiko, tusimguse mgonjwa. Ikamshtua. Mwili uliruka. Ikatuambia tuendelee kubonyeza, tukaendelea, mpaka Torgny akatoa tusi ambalo sijamruhusu kulitamka nyumbani.

Gari la wagonjwa lilipokwisha kumpakia, Solveig aliniambia, bila kunitazama: "Nilikusikia ukiita. Nilidhani unalalamikia kelele, kama kawaida yako."

Wiki iliyofuata gazeti la mji lilitoa picha ya Roland akiwa na kofia yake ya karatasi. Alieleza jinsi alivyolipokea boksi kutoka angani kwa mikono yake mwenyewe. Habari nzima haikuwa na uongo hata mmoja. Ndivyo watu wa namna hii walivyo. Hawasemi uongo, huacha tu yasiyowafaa.

Torgny aliporudi nyumbani alilisoma gazeti lile kwa machozi. "Roland ndiye aliyelipokea, mke wangu. Sharti tumwalike."

"Alilipokea, ndiyo."

"Mbona unasema hivyo? Huwezi hata siku moja kumshukuru mtu?"

Roland alikuja Jumapili na keki ya kijani, akaketi sebuleni na kunyoosha miguu. Nilimimina kahawa. Kisha nikautwaa mto wa kochi, nikauweka sakafuni, nikapiga magoti, nikaanza kuubonyeza kama nilivyobonyeza gatini.

"Imba," nilimwambia Roland.

"Mwalimu, jamani. Niimbe nini?"

"Wimbo wako. Torgny hakubahatika kuusikia."

Alimtazama Torgny, akacheka, akaanza. Ubeti wa kwanza aliuimba kwa sauti yake ya karamuni. Katika wa pili sauti ilipungua. Katikati ya wa tatu akanyamaza.

"Bado," nilisema, nikibonyeza. "Siku ile hukuishia hapo."

Torgny alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua chake, mahali ambapo mbavu mbili zilizovunjika siku ile zilikuwa hazijaunga. Aliutazama mto, akaitazama mikono yangu.

"Boksi lilikuwa wapi wakati huo?" aliuliza.

Roland alitazama keki yake.

Torgny aliinuka taratibu, akaenda ukumbini, akarudi na koti la Roland. Alimshikia kwa adabu, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka akalivaa.