Kesi ya Tarumbeta la Baba

Jana usiku, usingizi ukiwa haujakolea vizuri, niliota sare yangu ya bendi ya sekondari imekuja kunichukua. Ilikuwa imesimama mlangoni pa chumba bila mtu ndani yake, vifungo vyote vimefungwa, kamba ya dhahabu begani, kofia ikielea pale ambapo kichwa kingekuwapo. Sikuogopa. Niliitazama tu kwa mashaka, kwa sababu sare hiyo niliigawa zamani kwa mtoto wa shangazi, na sikujua nani kaielekeza kwangu.

"Pudensiana," ikaniita kwa jina refu, kama walimu. "Inuka. Kuna kesi."

Nikauliza kesi gani. Ikasema kesi ya tarumbeta, au kuna nyingine ninayoificha?

Hapo nikaelewa, maana wiki nzima sijawaza jambo jingine. Leonida, niliyekuwa naye kwenye mstari wa matarumbeta tangu kidato cha kwanza, anamwoza bintiye, na amenipigia simu kuniomba nikae meza kuu kama mama mdogo wa binti. Aliahidi kupiga tena Ijumaa asubuhi kuchukua jibu. Jibu langu lilikuwa hapana, na nilikuwa nimeshalifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Sababu ninayo. Siku ya mashindano ya bendi za shule, mbele ya uwanja uliofurika watu, tarumbeta langu lilikuwa bubu. Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka, lisitoe hata mlio wa mbu. Lilikuwa tarumbeta la marehemu baba, aliyelipiga miaka yote katika bendi ya shamba la mkonge. Leonida akaichukua sehemu yangu akaipiga bila kukosea hata mahali pamoja. Mwalimu Kobelo, mwalimu wetu wa bendi, alisema nimeingiwa na woga. Alitaka kulifungua tarumbeta alitazame ndani nikamkatalia, nikalikumbatia mbele za watu, kwa sababu baba aliacha neno moja tu juu ya chombo kile: halifunguliwi na mtu ila yeye. Nikaondolewa kwenye bendi. Tangu hapo najua kuna mtu alilichezea, na namjua ni nani, ila sijamwambia. Nimekuwa nikimsalimia misibani kwa ncha za vidole.

Basi sare ikanivaa yenyewe. Ilinibana tumboni, ikaguna, lakini ikawa na adabu ya kutosema kitu.

Natoka chumbani kuingia koridoni, na korido ni uwanja wa shule. Nyasi zimefyekwa, mistari ya chokaa imechorwa, mbuzi wa mkuu wa shule wamefungwa kwenye goli. Bendi imejipanga, lakini wapigaji hawapo. Vyombo vimesimama vyenyewe kwa miguu yao, kila kimoja kikimtazama jirani yake kwa pembeni. Mbele yao yupo Ngoma Kubwa, amevaa joho la hakimu ambalo halifungi tumboni. Anatangaza kwamba hapa kila mtu ni mshukiwa, hata wale mbuzi. Mbuzi wanaacha kutafuna.

Anatoa amri: mguu sawa. Zamani amri hiyo ilitutaka tusimame wima tu. Sasa anapita seremala na randa yake, anapima miguu ya kila mmoja na kuisawazisha. Wangu wa kushoto unaonekana umezidi. Anauranda kidogo, hauumi, kisha anayaokota maranda na kuyatia mfukoni. Namuuliza anayapeleka wapi. Anasema mtu asiye na hatia haulizi maswali kama hayo.

Halafu ikaja amri nyingine: macho kulia. Hii ni ile ya kumsalimu mgeni rasmi bendi inapopita mbele ya jukwaa, na katika mazoezi yetu yote jukwaa lilikuwa kulia. Nikayasikia macho yangu yakiteleza usoni, yakavuka shavu, yakatulia karibu na sikio la kulia. Yakakaa hapo. Mbele sikuona tena, wala kushoto. Kulia nilimwona Leonida.

Alikuwa bado wa kidato cha nne. Soksi zake nyeupe zimevutwa sawasawa, kitambaa cha mkononi kimekunjwa vizuri mfukoni. Hata ndotoni niliutilia shaka usafi wake. Binadamu gani anakaa juani tangu asubuhi na soksi zisimshuke?

Ngoma Kubwa akaniambia nitoe ushahidi, nami nilikuwa nao tele. Nikasema asubuhi ya mashindano Leonida ndiye aliyenibebea sanduku la tarumbeta wakati mimi nafungwa vifungo. Nikasema sehemu yangu aliijua kwa moyo, na hakuna anayejifunza chakula cha mwenzake kama hana nia ya kukila. Nikasema nilipolia alinipa kitambaa kisafi, na mtu anayekuja na kitambaa alijua kutakuwa na machozi. Vyombo vikaguna kwa kuafiki. Nilijisikia vizuri sana, nakiri.

Wakaitwa mashahidi. Tuba alisema alikuwa amelala, na ndiyo kawaida yake mpaka apulizwe. Matoazi waliingia wawili, wakasimama mbalimbali. Mmoja akasema aliona, mwenzake akasema hakuona, wakagongana kwa hasira, na mlio wao ukawa sahihi kabisa. Ngoma Kubwa akaamuru uandikwe kama maelezo ya pamoja.

Leonida alipopewa nafasi hakujitetea kwa mengi.

"Pude," akaniambia, "sanduku nililibeba. Sikulifungua."

Nikamwambia hakimu kwamba mwizi naye husema hivyo hivyo. Hakimu akasema mtu asiye mwizi pia husema hivyo, ndiyo maana kazi yake ni ngumu. Akaagiza tarumbeta lenyewe liletwe.

Likaletwa juu ya mto mwekundu. Liling'aa vibaya sana. Siku ile ya uwanjani nililiona linang'aa nikafurahi, nisijiulize kwa nini. Kwenye ndoto mng'ao ule ulinitia wasiwasi, nikaanza kunusa. Likaulizwa nani alilichezea. Likafungua mdomo wake mpana likajitahidi, shingo ikalitoka mishipa, na hakikutoka kitu. Ngoma Kubwa akasema basi, lifunguliwe tulitazame ndani.

Bendi nzima ikarudi nyuma hatua moja, kwa sababu kando ya ule mto alikuwa amesimama mzee mmoja amevaa ovaroli na viatu vya mpira, nyuzi za mkonge zimemganda mabegani. Hakuwa baba, ila alisimama kama baba alivyokuwa akisimama, mikono nyuma.

"Mimi ni Kanuni," alisema. "Halifunguliwi. Baba yako aliniweka hapa nilinde, akafa kabla hajaniambia niondoke."

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kupepesa macho. Halafu ile tabia yangu ikarudi, nikamtilia shaka na yeye. Nikamuuliza kama alikuwa zamu siku ya kuamkia mashindano.

"Nilikuwepo."

"Na lilifunguliwa?"

"Lilifunguliwa. Sikumzuia. Ningemzuiaje mke wa mtu aliyeniweka?"

Nilimuuliza huyo mtu yuko wapi sasa. Akasema yuko pale pale alipokuwa siku zote, upande wangu wa kushoto.

Nikataka kutazama kushoto, lakini macho yangu yalikuwa kulia na hayakusogea. Nikamwomba Ngoma Kubwa atoe amri ya macho kushoto. Akapekua kumbukumbu zake, akagonga tumbo, akasema amri hiyo bendi yetu haikufundishwa. Jukwaa lilikuwa kulia, mgeni rasmi kulia, na Leonida, kama ninavyojua mwenyewe, alisimama kulia kwangu miaka yote. Tuba aliamka akasema kushoto hakujawahi kuwa na mtu muhimu. Akalala tena.

Ni Leonida aliyenisaidia. Hakusema na hakimu, aliniambia mimi kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akininong'oneza nikikosea hatua.

"Nyuma geuka, Pude. Geuka mwili mzima."

Niligeuka kama tulivyofunzwa, kisigino na kidole. Na kwa kuwa macho yalibaki kulia, kile kilichokuwa kushoto kikaja mbele yake.

Ni jiko letu la zamani kule kota za shamba la mkonge. Jua la jioni linaingia kwenye ufa wa mlango. Mama amekaa kwenye kigoda, bado kijana, kanga ya msibani kiunoni. Mbele yake kuna bakuli la majivu, ndimu zilizokatwa na ungo. Juu ya ungo, tarumbeta la baba liko vipande vipande kama kuku wa sikukuu.

Anachovya ndimu kwenye majivu anasugua, kama anavyosugua sufuria za wageni. Pistoni tatu, vile vichuma vinavyobonyezwa kwa vidole, zimelala pamoja zikisubiri zamu. Kila moja ina nyumba yake ndani ya tarumbeta na namba yake imechongwa shingoni, ndogo sana. Mama hazioni namba. Mama anaona vyuma vitatu vilivyofanana.

"Ninyi mnakaa wapi?" anaziuliza kwa upole.

Ya tatu inasema wao ni ndugu, tuweke popote, tutaelewana. Nazijua hizo, hazikuwahi kuelewana. Zikikaa nyumba zisizo zao njia ya pumzi inazibwa, na hata baba mwenyewe afufuke apulize, halilii. Nataka kumwambia. Lakini nimo mstarini, na mstarini hatuongei kwa mdomo, tunaongea kwa tarumbeta, na tarumbeta langu ndilo lile liko kwenye ungo.

Mama anaongea peke yake. Anasema kesho watu wote watakuwepo. Anasema hataki waseme mtoto wa marehemu kaja na tarumbeta lililofubaa kama halina mwenyewe. Anafuta jasho kwa kiwiko, na ninaona si jasho. Anaichukua pistoni ya tatu anaiingiza kwenye nyumba ya kwanza, anaikaza kwa nguvu zake zote.

Mbegu moja ya ndimu inaruka kutoka vidoleni mwake, inatumbukia kwenye kifuniko cha chini kabla hakijafungwa. Inanitazama.

"Mimi nabaki humu," inasema. "Lazima abaki mtu wa kuulizwa."

Mama ananyanyua tarumbeta zima kwenye ule mwanga. Linawaka. Ananiona nimesimama mlangoni na sare yangu inayonibana, wala hashangai.

"Linang'aa, mwanangu?"

"Linang'aa, mama," nikamjibu, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mama alikuwa anafagia uani. Naishi naye siku hizi, macho yamempungua ila ufagio hajaacha. Nililala nikitazama dari na kujiambia kwamba ndoto ni ndoto, na kwamba mtu anayepewa maelekezo na mbegu ya ndimu apunguze kula usiku. Pia nilijishuku mwenyewe: huenda moyo wangu ulikuwa unatafuta tu njia ya kula pilau ya harusi.

Lakini niliinuka. Sanduku lipo juu ya kabati tangu nilipohamia nyumba hii, na kabla ya hapo lilikuwa juu ya makabati mengine. Nililishusha, nikafuta vumbi, nikalitoa tarumbeta. Lilikuwa limekuwa jeusi kama kitasa cha mlango wa zamani. Nikasema moyoni, baba, unisamehe. Nikashika kifuniko cha chini cha nyumba ya kwanza kwa kitambaa, nikakizungusha mpaka vidole vikauma.

Kilipofunguka, kikaangukia kiganjani kitu kidogo kikavu, kimegandana na unga wa kijivu. Nilikipeleka dirishani. Ilikuwa mbegu ya ndimu.

Namba shingoni mwa pistoni niliitafuta baadaye, kwa kutimiza wajibu tu. Ilikuwa tatu.

Nilikaa kitandani nimeifumba ile mbegu. Nilimwonea Leonida uchungu, soksi zake na kitambaa chake na vile vidole nilivyompa misibani. Na mama nilimwonea uchungu zaidi, kwa sababu siku ile hakuja uwanjani, alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha mkonge, na niliporudi nilimwambia tu kwamba tumeshindwa.

Simu ikaita. Leonida hakuzunguka, aliuliza jibu.

"Sare ya akina mama ni rangi gani?" nikamuuliza.

Sauti yake ilikuwa na mashaka matupu, na sikumlaumu.

"Pude, nani kakwambia nini?"

Nikamwambia aje Jumapili, nitamweleza na kitu cha kumwonyesha ninacho. Akasema sare ni zambarau. Akasema tena, zambarau, kama mtu anayehofia kwamba hajasikiwa.

Nilipogeuka mama alikuwa ameshaingia chumbani. Alikuwa amelisogelea tarumbeta kitandani, amelipapasa kwa kiganja mpaka kwenye mdomo wake mpana.

"Mbona limefubaa hivi," alisema. "Siku ile ya mashindano liling'aa kuliko ya wenzako wote, sivyo?"

"Kuliko yote, mama."

Akatabasamu akaenda jikoni, na punde nikasikia kisu kikikata ndimu. Nikaifunga ile mbegu kwenye kitambaa, nikamfuata, nikamshika bega.

"Sugua kwa nje tu, mama," nikamwambia. "Huko ndani nitasafisha mimi."