Aliyeanguka wa Kwanza

Wa kwanza kuanguka hakuanguka. Alilala.

Watu wa kiwanda kile wanahesabu wanawake tisa walioanguka katika ukumbi wa kushonea mwezi ule, na ukiwauliza watakuanzia na yeye, Mama Kitabu, aliyekuwa cherehani ya nne, safu ya mikono ya mashati. Mwenyewe alijua kilichotokea. Usiku ule alikuwa amekesha na nguo za kufua, halafu kurasa kumi na mbili za tamthilia aliyopewa kusoma darasani, na kulipokucha bomba lilikuwa kavu, ikabidi afuate maji mtaa wa pili. Saa tano kasoro robo, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio, kichwa kikashuka. Kiti kikateleza. Alipozinduka yuko sakafuni kati ya vipande vya kitambaa, na nyuso kama kumi zimemwinamia.

Sasa, ukutani pale palikuwa na karatasi ya masharti ya kazi. Ukilala kazini, unafukuzwa siku hiyohiyo. Ukizimia, unapewa maji ya glukosi, unakaa kwenye benchi la zahanati hadi kengele ya jioni, na siku yako inahesabika. Mtu mwenye akili zake, akijikuta sakafuni, achague lipi?

Alifumbua macho, akayatoa makubwa ili aonekane mgonjwa. Mbele yake, mwisho wa ukumbi, alikuwa amesimama mwanamke wa kupiga pasi, kafunikwa na mvuke hadi kifuani.

"Mtazameni, anamtazama Bi Pasi," alisema msichana wa vifungo, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya barabara. "Si ndiyo, dada? Bi Pasi kakufanya nini?"

"Ndiyo," alisema Mama Kitabu.

Neno moja tu. Alichotaka ni waondoke wampishe afike kwenye benchi. Alifika, akalala saa sita mfululizo, na tangu azae binti yake wa mwisho hakuwahi kulala usingizi mtamu kama ule.

Bi Pasi alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye pasi ya mvuke. Alikuwa na tabia ya kuzungumza nayo. "Haya mama, kola hii tu, ndiyo ya mwisho," na ya mwisho haikuwa ya mwisho hata siku moja. Miaka yote watu walimcheka. Baada ya siku ile kicheko kilikatika. Ile midomo inasoma nini? Jumanne wawili wa vifungo wakaanguka. Ijumaa wengine wanne, mmoja wao yule msichana wa vifungo mwenye sauti, akipiga kelele kwamba anakabwa na mikono ya moto. Wiki iliyofuata wakatimia tisa. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamepigiliwa misumari ili vumbi lisichafue mashati meupe, na humo ndani kulikuwa kama tumbo la jiko, lakini hakuna aliyetaja joto. Bi Pasi akawa anakula peke yake kwenye ngazi.

Mama Kitabu alikuwa anasoma ili apate cheti cha kidato cha nne alichokikosa utotoni. Akiwa na cheti angeweza kuwa mkaguzi wa nguo, na mkaguzi hupumzisha miguu. Hana kanyagio. Kila Jumatatu na Jumatano, kengele ya jioni ikilia, alikwenda kwenye darasa la watu wazima katika shule ya watoto, wakiwa wanane, magoti yamegota kwenye madawati mafupi. Mwalimu wao alikuwa mstaafu mwenye kikohozi. Kitabu cha mtihani mwaka ule kilikuwa tamthilia ya siku nyingi, juu ya kijiji cha watu wa dini kali, waliovaa nguo za giza na kuona kucheza ni dhambi. Wasichana wao wakaanza kuanguka na kuweweseka, wakaulizwa nani anawaroga, wakataja. Waliotajwa wakafikishwa mahakamani, wakanyongwa.

Siku ya kwanza Mama Kitabu alikisoma kama hadithi ya watu wa mbali. Sasa alikuwa anakifungua kama mtu anayefungua barua ya hospitali.

Jumatano ile mwalimu aligawa sehemu za kusoma kwa sauti, akampa ya mtumishi wa ndani, msichana anayekwenda mbele ya jaji kusema kwamba mambo yote yale ni uongo, halafu wenzake wanamgeuka, naye anarudi kundini.

"Soma kwa nguvu, mama. Msichana huyu analia, wewe unasoma kama orodha ya sokoni."

"Nimechoka, mwalimu."

"Sote tumechoka. Swali la mtihani hili hapa: kwa nini alirudi kundini?"

"Woga," alisema dereva wa gari la taka, ambaye kila swali alilijibu kwa neno moja. "Hofu ya kifo," alisema mwingine.

"Na wewe, mama?"

"Alichoka," alisema Mama Kitabu. "Kusema kweli peke yako kunachosha. Wenzako wanapokezana, wewe huna wa kukupokea."

Mwalimu alikohoa, akamtazama juu ya miwani. "Jibu zuri. Lakini wewe andika hofu. Msahihishaji anataka hofu."

Darasa likacheka, naye akaandika hofu.

Kesho yake msimamizi wa ukumbi, aliyeitwa Saa Ngapi kwa vile hakujua salamu nyingine, alipita cherehani kwa cherehani akitangaza mkutano wa Ijumaa. Mashati ya kampuni ya ulinzi yalikuwa yamechelewa siku tisa na meneja alikuwa hapati usingizi. Wanawake wangetia saini karatasi ya kuomba Bi Pasi aondolewe kwa ajili ya amani, basi, kazi iendelee. Mstari wa kwanza uliachwa wazi. "Ni wako," alimwambia Mama Kitabu. "Wewe ndiye uliyeanza."

Nyumbani alimweleza binti yake, tangu kiti kilipoteleza. Binti alikuwa anasuka nywele, hakugeuka. "Tia saini ulale, mama. Ukisema ulilala, unafukuzwa. Tutakula hicho kitabu?"

"Na yule bibi?"

"Yule bibi ana wanawe."

Hakuwa nao. Mama Kitabu alijua hilo, ila hakuwa na nguvu ya kubishana.

Ijumaa walikusanyika kwenye meza kubwa ya kukatia vitambaa. Karatasi katikati, kalamu imefungwa uzi isiibiwe. Bi Pasi alisimamishwa karibu na mlango, mikono imening'inia. Bila pasi haikujua pa kukaa. Meneja alisoma maneno haraka haraka, kisha akaisukuma karatasi.

Mama Kitabu aliishika kalamu. Akaiweka.

"Sikuona kitu," alisema. "Siku ile sikuzimia. Nililala."

"Ulifanya nini?" aliuliza Saa Ngapi.

"Nililala kwenye cherehani. Nikaogopa kufukuzwa, nikaitikia nilichoulizwa. Huyu mama hakunifanya lolote."

Msichana wa vifungo akajitokeza mbele: "Kwa hiyo na mimi nililala? Na mikono iliyonikaba ililala? Unatuita waongo, dada?"

"Yako siijui, mdogo wangu. Mimi nasema yangu."

"Mwoneni!" Msichana alirudi nyuma, akajishika koo. "Mwoneni macho yake! Wako pamoja, hawa wako pamoja!" Akaenda chini, na nyuma yake mwingine, na mwingine, kama mashati yanayodondoka kwenye kamba.

Mama Kitabu aliiona njia ya kurudi ikiwa wazi kabisa mbele yake. Alihitaji tu kujishika kifua, kunyoosha mkono kuelekea mlangoni na kupiga ukelele mmoja. Wangempokea, wangempepea, angepelekwa kwenye benchi. Mkono alijaribu kuuinua kweli. Lakini kuanguka kuna kazi yake: baada ya hapo utaulizwa, utasimulia, kesho utaanguka tena ili wa leo wakuamini. Akafikiria kazi yote ile, akauacha mkono ulipokuwa. Akavuta kiti, akakaa.

Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Aliwatazama walio sakafuni, akamtazama aliyekaa. "Wanataka mtu aondoke," alimwambia Saa Ngapi kwa sauti ya chini. "Basi aondoke huyu. Sababu tunayo, ipo ukutani." Karatasi ya saini akaikunja, akaitia mfukoni. Fomu ilijazwa palepale: kulala kazini. Na amini usiamini, fomu ilipopigwa mhuri, msichana wa vifungo aliinuka akaomba maji.

Bi Pasi alimfuata hadi getini, kajifuta mikono kwenye aproni.

"Wiki mbili nimekula kwenye ngazi," alisema.

"Najua, dada."

"Hujui. Wanapita wakinishikia nguo zao zisiniguse." Alitazama pembeni. "Ungesema siku ileile."

"Ningesema siku ile ningefukuzwa."

"Na leo?"

"Nimefukuzwa."

Bi Pasi alitoa mlio puani, ambao kama asingekuwa amechoka ungeweza kuwa kicheko. Hakusema asante, na mwenzake hakuingoja. Saa Ngapi akachungulia mlangoni, akapaza sauti kuuliza ni saa ngapi sasa, kola mia mbili zinangoja.

"Nenda," alisema Mama Kitabu. "Wasije wakapata la kusema."

"Watalipata tu," alisema Bi Pasi, akageuka, akarudi ndani taratibu kwenye mvuke wake.