Futa Kidogo

Jawahir hakutulia. Alipanda pikapu, akashuka, akaenda nyuma kukaza kamba ambazo alikwisha kuzikaza, akapanda tena. Nyuma kulikuwa na nyumba nzima: miti iliyopindwa, mikeka na ngozi, aqal ya Kisomali aliyomtengenezea bintiye Hani kwa mikono yake mwenyewe. Nikaha ilikuwa kesho, huko Modogashe, na nyumba ya bibi harusi huletwa na mama yake. Isipofika, Hani angelala kwa mama mkwe kama mtu asiye na kwao. Afadhali Jawahir aibebe miti ile kichwani kuliko kuyasikia maneno ya wakwe.

Lakini miaka ile ya tisini hukuwa unajiendea tu. Majambazi walikuwa wametanda njiani, magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na msafara ulikuwa haumngoji mtu.

Pikapu yenyewe aliachiwa na marehemu mumewe, kuukuu ya tangu ukoloni, umeme wake wa volti sita. Betri za volti sita ziliadimika Garissa nzima, kwa hivyo fundi Abdihafid aliubadilisha umeme wote uwe wa kumi na mbili: betri, dainamo, hadi globu za taa. Stata peke yake, ile mota ya kuwashia injini, aliiacha ya zamani. Nyingine yenye meno ya kuoana na injini ile haikupatikana hata Nairobi.

"Abayo, usiogobe," alimwambia Jawahir, dada yangu usiogope. "Stata ya zamani iko na roho ngumu. Volti kumi na mbili itazungusha yeye mbio sana. Lakini ukishikilia, anaungua."

Kisha akamgeukia dereva. Dereva wa siku zote alikuwa kalazwa na malaria, na huyu Mutua alikuwa mgeni, katoka Kitui juzi tu.

"Wewe, sikiza." Fundi alikionyesha kifundo cha dashibodi, kile kinachovutwa kuwasha gari. "Hiyo, futa kidogo, wacha. Usifute sana. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi," Mutua akajibu, akaanza kutafuta kitambaa. Abdihafid hakukiona kitambaa hicho. Alikwisha kuinama kwenye boneti, akagusanisha waya, akaiwasha injini mwenyewe.

Kwenye kizuizi cha barabarani, msafara ulikoanzia, askari wakaamuru kila gari lizime injini likaguliwe. Jawahir alitaka kulia. Kuzima gari lile ulikuwa wazimu, lakini nani abishane na bunduki? Likazimwa. Walikagua mikeka mmoja mmoja, tena bila haraka, kana kwamba wao ndio waoaji.

Filimbi ikalia. Magari yakaanza kunguruma. Mutua akatoa kitambaa, akakifuta kile kifundo polepole, kwa adabu, kisha akakivuta na kukishikilia. Stata ikapiga yowe. Injini haikushika. Harufu ya kuungua ikawajaa puani.

"Futa kidogo!" Jawahir alipiga kelele. "Futa kidogo, wacha!"

Mutua akaachia, akanyakua kitambaa, akafuta tena.

"Walahi, wewe mwendawazimu? Nasema futa!"

"Si nafuta, mama! Hata vumbi hakuna!"

Jawahir alikitazama kile kitambaa, na moyo ukamlipuka. Lori la kwanza lilikuwa limekwisha pita kizuizi. Kusukuma hakukuwezekana, magurudumu yalikuwa yamezama mchangani kwa uzito wa nyumba ya Hani.

Alikumbuka darasa la tatu, mwalimu akimsimamisha mbele ajing'ate mdomo aseme "viatu", na yeye akisema "fiatu" hadi darasa zima likagaragara kwa kicheko. Siku ile aliapa kwamba hatajing'ata tena mdomo kwa ajili ya herufi ya mtu. Akamwashiria Mutua angoje, stata ipoe. Kungoja kulimchoma kuliko moto, magari yakiwapita moja baada ya jingine.

Lilipobaki gari la askari wa nyuma peke yake, aliweka meno ya juu kwenye mdomo wa chini, akayabana.

"Vvvuta," alisema. "Kidogo. Wacha!"

Mutua alikodoa macho. Akavuta, akaachia papo hapo. Stata ikaruka, injini ikakohoa, ikashika. Pikapu ikajikwamua mchangani, ikadandia mkia wa msafara mbele ya askari waliokuwa wakiwapungia mikono kwa hasira.

Jawahir aligeuka nyuma. Miti ya aqal ilikuwa ikitikisika, yote ipo. Hani atalala kwake. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

Mutua akabadilisha gia, akamtupia jicho la pembeni.

"Mama, kumbe muda wote mlikuwa mnasema vuta."

"Sasa mimi nilisema nini?" Jawahir akang'aka, akijipangusa macho kwa ncha ya shela. "Si nilisema futa?"