Kalamu Iliyoacha Kuvuja

Nuzhat alikuwa na miaka thelathini na sita, hajaolewa, na mkono wake wa kushoto ulijaa mistari ya zambarau kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Watu wa mtaa wao pale Sialkot, Pakistan, walishazoea. Mama yake ndiye aliyekataa kuzoea.

"Wenzako wanapakwa hina," alimwambia asubuhi moja akikanda unga. "Wewe unajichora kama ukuta wa shule."

"Ni kazi, mama."

"Basi hiyo kazi ije ikupose, tujue moja."

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye karakana ya Haji Zahoor, ambayo tangu enzi za baba yake ilikuwa ikitengeneza mikasi na koleo za upasuaji. Sasa Haji alitaka kutengeneza kalamu za kuchora ngozi, zile ambazo daktari huzitumia kuonyesha mahali pa kukata kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji. Wino wake ulitakiwa usitoke mtu akisuguliwa kwa spiriti na aidini, usimwashe, usipeleke vijidudu kwenye kidonda, halafu ufifie wenyewe baada ya siku chache. Nuzhat, aliyesomea kemia, alipewa wino. Iltaf, fundi mgane mwenye sauti ya chini, alipewa kalamu yenyewe, yaani bomba, ncha ya nyuzi na kifuniko.

Wino waliuanzia kwenye ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda vya kinywani. Kwa kuwa hapakuwa na ngozi nyingine ya kujaribia, walijaribia yao. Kila Jumatatu kila mmoja alijichora mistari mkononi, wakaosha, wakasugua, wakahesabu siku. Mchana waliweka mikono juu ya meza karibu na dirisha, wa Nuzhat huku, wa Iltaf kule, rula katikati, wakilinganisha ni mstari upi umefifia. Mikono ile haikugusana hata siku moja kwa miaka miwili. Lakini Nuzhat aliujua mkono wa Iltaf kuliko alivyoujua uso wake. Alijua kovu la tanuru chini ya kifundo, na mahali ambapo vinyweleo havioti.

"Dada Nuzhat, wako umekolea," Iltaf alikuwa akisema.

"Wewe unasugua kama unaosha sufuria, kaka Iltaf. Ngozi ya mgonjwa haisuguliwi hivyo."

"Mgonjwa hakulelewa na mama yangu."

Mwezi wa Novemba, ukungu ukiwa umeshuka mpaka milangoni, ndugu yake Iltaf aliyekuwa Brescia, Italia, akampatia kibali cha kazi kwenye kiwanda cha mabomba ya maji. Iltaf aliaga karakana nzima kwa kushikana mikono na wanaume. Kwa Nuzhat aliweka kiganja kifuani, akasema, "Ncha nimekuachia sampuli sitini kwenye droo. Ukikwama nipigie."

Alikwama mapema. Wino ulikuwa tayari, ila kalamu ilitakiwa ifungwe kwenye mfuko, ikaingizwe kwenye mtambo wa gesi ya kuulia vijidudu. Mtambo ule kwanza hunyonya hewa yote. Kila walipotoa mifuko, wino ulikuwa umevuja na kuijaza zambarau. Walijaribu kwa mionzi, haikuvuja, lakini rangi ilipauka. Ndipo Nuzhat akaanza kupiga simu kila Ijumaa saa kumi jioni, wakati Iltaf alipokuwa kwenye mapumziko ya mchana huko Italia.

"Inavuja wapi? Kwenye ncha au kwenye kifuniko?"

"Kwenye ncha."

"Umejaribu kupunguza wino?"

"Nimepunguza. Bado."

Halafu mazungumzo yalikuwa yakipotea njia. Nuzhat alimuuliza kama kuna baridi. Iltaf alimwambia kuhusu mwenzake wa kiwandani anayekula tambi kila siku ya Mungu na hachoki. Nuzhat alicheka, akizungusha waya wa simu ya ofisini kidoleni, na Haji Zahoor alipita akiuliza kwa sauti, "Imepatikana dawa?"

"Bado, Haji!"

Siku moja mwanzoni mwa kiangazi, katika mifuko arobaini iliyotoka kwenye mtambo, thelathini na tisa ilikuwa imechafuka na mmoja ulikuwa safi. Nuzhat aliutoa, akaifungua kalamu, akaitazama kwenye mwanga. Mkiani bomba lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Labda lilidondoka sakafuni. Akaelewa pale pale. Hewa ya ndani ilipata mlango wa nyuma wa kutokea, haikuhitaji tena kuusukuma wino mbele. Kitundu kidogo tu mkiani, basi, kazi imekwisha.

Aliitia ile kalamu mfukoni. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa alimpigia Iltaf, akasema, "Bado inavuja."

Akasema hivyo Ijumaa iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Zikapita wiki tano. Alikuwa akifika nyumbani anakula bila kuonja, mama yake akimtazama. Hakuwa mwongo. Lakini kila alipofikiria Ijumaa bila swali la kuuliza, mkono wenyewe ulikataa kuitoa ile kalamu.

Wiki ya sita alikuja Daktari Farhat, mwanamke mpasuaji wa hospitali moja ya wilaya, aliyeahidiwa kalamu za kwanza. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Mnanichelewesha mpaka lini?" alimuuliza Nuzhat. "Natumia kalamu ya kawaida ya dukani, ile ile kwa wagonjwa kumi. Juzi alama ilitoka yote kwa aidini. Bibi mmoja amelala pale, magoti mawili, mimi na kisu. Muuguzi ndiye aliyenishika mkono, la sivyo ningepasua goti zima, lisilo na ugonjwa."

"Yule bibi... yu salama?"

"Yu salama. Mimi ndiye silali."

Daktari alipoondoka, Nuzhat alikwenda moja kwa moja kwa Haji Zahoor, akaweka kalamu yenye ufa mezani.

"Toboa mkiani," alisema. "Kitundu cha sindano."

"Umegundua leo?"

"Hapana, Haji. Nimegundua siku nyingi."

Haji alimtazama, akatazama simu, akaguna. Baada ya siku nane mifuko mia mbili ilitoka kwenye mtambo ikiwa safi, na wa kwanza kupelekewa alikuwa Daktari Farhat.

Ijumaa Nuzhat alipiga simu. "Haivuji tena," alisema.

Kwa mbali zilisikika mashine.

"Kitundu mkiani?" Iltaf akauliza.

"Umejuaje?"

"Nilifikiria tangu mwezi wa Machi. Hewa lazima itokee mahali."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona ulikuwa unauliza?"

Nuzhat alikaa chini. Uso ulimwaka mpaka masikioni. "Mtu nusura apasuliwe goti zima, Iltaf," alisema, na akasikia mwenyewe kwamba ameacha kumwita kaka. "Kwa sababu yetu."

"Najua. Sasa najua. Mungu atusamehe."

Akamwambia kwamba karatasi zake zinamfunga miaka miwili zaidi kabla ya kuruhusiwa kuja nyumbani. Nuzhat akasema miaka miwili si mingi. Wote wawili walijua ni mingi. Kengele ya kiwanda ikalia upande wa pili, wakaagana.

Ijumaa iliyofuata saa kumi alikaa karibu na simu bila sababu yoyote, akijifanya anapanga vibandiko. Ikalia.

"Kuna tatizo?" aliuliza kwa hofu.

"Hakuna tatizo," alisema Iltaf. "Umekula nini leo?"

"Mboga ya haradali. Na mkate wa mahindi. Mama kaweka siagi."

Upande wa pili kiti kilisikika kikivutwa.

"Siagi ya nyumbani?" akauliza Iltaf.

"Ya nyumbani."

"Hebu niambie ilivyokuwa," alisema. "Taratibu. Nina dakika ishirini."