Karamu ya Nyungunyungu

Tap. Kimya. Tap tena.

Bibi Halina alifumbua macho gizani akadhani ni bomba la jikoni. Akajitanda shali, akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani. Bomba lilikuwa kavu. Sauti ilitoka kwenye sanduku la plastiki ambalo mjukuu wake Zosia alilileta kutoka shuleni. Nyungunyungu walikuwa wakijipenyeza kwenye matundu ya ubavuni na kudondoka mmoja mmoja juu ya trei ya bati.

"Maskini nyie," akawaambia. "Mnakwenda wapi na theluji yote hiyo nje?"

Walikuwa mali ya darasa zima. Watoto huwapa mabaki ya chakula cha mchana, nao huyageuza mboji ya bustani ya shule. Likizo ya Krismasi ilipokaribia, mwalimu alimkabidhi Zosia awatunze. Zosia alihamia Milwaukee majira ya majani kupukutika, na kwa muda mrefu alikula peke yake shuleni. Tangu akabidhiwe sanduku, wenzake walikuwa wameanza kumwita kwa jina.

Mtoto akatokea mlangoni na nywele zimemsimama. "Bibi, wanakufa?"

"Hawafi, kipenzi. Wanatoroka."

"Ni yaleyale! Watasema yule mgeni kawaua. Hawatakaa na mimi tena."

Bibi alifunua kifuniko. Harufu ikampiga, akajua. Katika nchi alikozaliwa Bibi, usiku wa mkesha wa Krismasi, wanyama wote wa nyumbani hupewa fungu lao kutoka mezani. Zosia alikuwa ameuliza kama nyungunyungu nao wanahesabiwa, Bibi akajibu kwamba alalaye chini ya paa letu ni wetu. Kisha akawapakulia kwa mkono wake mwenyewe bakuli la kabichi chachu na samaki wa chumvi, tena bila uchoyo.

"Tumpigie mwalimu kukicha," akasema.

"Hapana, Bibi! Atawachukua."

"Akiwachukua, awachukue wakiwa hai."

Asubuhi Mwalimu Lindqvist alifika na theluji hadi magotini, amekumbatia magazeti ya zamani. Akainama, akanusa, akacheka hadi akavua miwani kuifuta.

"Bibi Halina, umewafanyia nini viumbe hawa?"

"Mwalimu, sijawahi kuona mtu akikimbia chakula changu. Hawa ndio wa kwanza."

Zosia hakucheka. Mwalimu aliliona hilo, akapiga magoti kando yake. Hakuligusa sanduku. Alitoa mfukoni kipande cha karatasi ya litmasi, ile ya kupimia uchachu, akampa. Zosia akakibandika kwenye udongo uliolowa, na karatasi ya buluu ikageuka nyekundu.

"Inakwambia nini?"

"Pamechacha." Akafikiri kidogo. "Halafu wao wanapumua kwa ngozi. Ile chumvi inawachoma mwili mzima."

"Basi daktari ni wewe. Tufanyeje?"

Zosia akamtazama kuona kama anataniwa. Hakuwa akitaniwa. Akavuta pumzi, akaanza kuamrisha: Bibi achane magazeti vipandevipande, Mwalimu asage maganda ya mayai ili kupunguza uchachu. Wakatii wote wawili. Yeye mwenyewe aliwatoa nyungunyungu wote akawaweka kwenye trei, akamwaga kabichi na udongo wote ule wa sanduku, akalisuuza, akatandika magazeti yaliyoloweshwa na udongo kidogo kutoka kwenye chungu cha maua. Kisha akawarudisha nyungunyungu kwa viganja, akiwasemesha kwa sauti ya chini kama mtu anayelaza watoto. Bibi alimwona mwalimu akisubiri, chai ikimpoa mkononi, asimharakishe mtoto hata mara moja.

Wachache hawakujikunja tena. Zosia aliwaweka kando kwenye leso.

"Kuhusu hao, utawaambia wenzako ukweli," mwalimu akasema. "Utawaeleza na ulichogundua. Nitasimama karibu nawe."

Waliobaki walikaa juu ya magazeti kwa muda, kama wasioamini. Halafu mmoja akazamisha kichwa. Akafuata mwingine. Punde sanduku likawa tupu juu, limejaa chini.

"Utawachukua?" Zosia akauliza bila kuinua macho.

"Niwapeleke wapi? Kwangu hakuna daktari."

Mwalimu akavaa koti, akambusu Bibi shavuni, akatoka. Alikuwa ameshafika kwenye lango Zosia alipofungua mlango, miguu mitupu kwenye baridi ile, Bibi akimshika gauni la kulalia kwa nyuma.

"Mwalimu! Uje tena Jumamosi! Uje uwaone!"